Mama Yangu Marken

Tulipokwenda kumtembelea dada yangu Amsterdam, shemeji alitutoa siku moja kwenda Volendam na Marken, vijiji vya wavuvi vilivyo kaskazini mwa jiji. Mama alifurahi kuliko watoto. Baba yake alikuwa mvuvi wa Kigombe, na kwake yeye nchi hujaiona mpaka uone diko lake.

Volendam ilimchosha mapema. Gatini kote ni maduka ya zawadi na studio za picha, ambamo wageni huvishwa nguo za kale za kijiji na kofia nyeupe yenye ncha. Wapwa zangu wakamsihi, "Bibi, tupige!" Akakubali kwa sharti kwamba kofia ikae juu ya mtandio. Mpiga picha alihangaika nayo wee, mpaka ikakaa upande.

Kivuko cha kwenda Marken huchukua kama nusu saa. Mama alichungulia maji njia nzima, kisha akauliza, "Baba, mbona bahari hii hainuki chumvi?"

Shemeji akamweleza. Ilikuwa bahari kweli, ikiitwa Zuiderzee. Mwaka 1916 ilifurika, Marken peke yake wakafa watu 16. Ndipo likajengwa boma la kuzuia bahari, Afsluitdijk, zaidi ya kilomita 30, likakamilika 1932. Chumvi ikafungiwa nje, mito ikaendelea kumwaga ndani, bahari ikageuka ziwa. Heringi waliokuwa wakivuliwa humo wakatoweka.

"Na wavuvi je?"

"Wengine walibaki na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Wengine waliacha kabisa."

"Hao waliokufa maji Mungu awarehemu," alisema Mama. "Lakini kumfungia mvuvi bahari!"

Marken niliipenda mimi. Hadi 1957, ilipounganishwa na bara kwa barabara, ilikuwa kisiwa. Nyumba ni za mbao, zimebanana juu ya vilima vilivyojazwa udongo kwa mikono, na nyingine zilisimamishwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Siku hizi uvungu huo wameuziba, wamefanya vyumba. Mama aligonga ubao mmoja kwa kidole: "Wameshajua hayaji tena."

Bandarini tulinunua mkunga wa kukaushwa kwa moshi, mnene, anachuruzika mafuta. Mama akauliza ndimu iko wapi, na pilipili. Hakuna. Akalalamika kwamba hivi si kula samaki, huku akimaliza wake na kunyoosha mkono kwenye sahani ya shemeji.