Abiria wa kupandishwa

Msimu wa 2023/24 nilikuwa dereva wa kampuni ndogo ya usafiri pale Grand Rapids, Michigan. Abiria wetu wengi walikuwa wazee wa kwenda kusafishwa figo na watu wa viwandani wanaotoka zamu ya usiku. Siku moja ya Januari, theluji ikimwagika kutoka upande wa Ziwa Michigan kama ilivyo desturi yake, bosi alinipigia saa tano asubuhi. Wazee atawachukua mwenzangu, akasema. Mimi niende uwanja wa Van Andel Arena, kuna mchezaji wa hoki ya barafu anatakiwa Detroit, na mechi ni jioni hiyo hiyo.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mpira ninaoujua ni wa miguu. Hoki ya barafu niliijua kwa foleni tu, zile jioni mashabiki wa Griffins, timu ya mji wetu, wanapojaza barabara za katikati ya mji na huwezi kupita. Sikujua hata kwamba Griffins wako chini ya timu nyingine. Kumbe tangu 2002 timu hiyo inalea wachezaji wa Detroit Red Wings. Ligi yao, AHL, ina timu 32, na kila moja imefungamana na timu moja ya ligi kubwa, NHL. Kule juu kikosi hakizidi watu 23. Mmoja akivunjika kidole leo, simu inapigwa huku chini leo leo.

Abiria wangu alitokea mlango wa nyuma akiwa amevaa suti, kichwani nywele zimeganda barafu kwa sababu alitoka kuoga mbio mbio. Alikuwa na begi ambalo mtoto wangu wa miaka kumi angelala ndani akajinyoosha, na magongo matano yaliyofungwa pamoja kwa utepe mweupe. Gari lake lilikuwa gereji, na klabu haikutaka aombe lifti kwenye hali ya hewa ile. Kabla hatujafika barabara kuu ya 96 akaniuliza kwa adabu kabisa: “Kaka, utakubali nianike vitu vyangu?” Mazoezi yalikuwa ndiyo kwanza yameisha, kila kitu kilikuwa kimelowa chapachapa.

Nikakubali bila kujua nimekubali nini. Glavu akaziegemeza kwenye matundu ya hita, vidole juu. Kinga za mabega zikafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma, ungesema ni abiria wa pili. Kinga za miguu zikaning'inia pale ninapotundika koti. Hita nikaifungulia mwisho. Baada ya dakika kumi vioo vyote vilikuwa ukungu, na harufu, jamani, ya jasho la miaka lililokaa kwenye ngozi na sponji. Ikabidi niteremshe kioo kidogo, nje baridi inakata masikio. Tukaenda hivyo, upande wa kushoto ninaganda, upande wa kulia ninaiva.

Ilikuwa mara yake ya tatu kupandishwa NHL. Ya kwanza, alinisimulia, wenzake walimpisha aingie barafuni wa kwanza kupasha misuli. Akatoka mbio, akazunguka, akazunguka tena, ndipo akagundua yuko peke yake mbele ya uwanja mzima. Wenzake wote wamebaki mlangoni wanacheka. Ndivyo wanavyomkaribisha kila mgeni. Mama yake alilia jukwaani siku ile. Safari hii hakumwambia mama yake aje. “Tikiti ya ndege ni ghali,” alisema, “na huenda kesho kutwa nikawa nimesharudi.”

Hapo ndipo akanifungulia hesabu zao. Mkataba wake ulikuwa na mishahara miwili, wa ligi ya chini na wa ligi ya juu, na unalipwa kwa kuhesabu siku ulizolala kila upande. Kima cha chini cha NHL msimu ule kilikuwa dola 775,000. Gawanya kwa siku za msimu, unapata kama dola 4,000 kwa siku. Nilikaribia kuacha usukani. Lakini kadiri alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kumwona kibarua, mtu wa kuamka asubuhi akasikilize kama leo kuna kazi. Mchezaji mwenye umri na uzoefu kama wake hawezi kurudishwa chini hivi hivi, lazima kwanza jina lake litangazwe kwa timu nyingine zote, nazo zina saa 24 za kumchukua. Majibu hutoka saa nane mchana. Mwaka uliotangulia alikuwa amekaa hotelini akiitazama saa, nguo ziko kwenye begi, hajui kama atarudi kwenye chumba chake cha kupanga au atahamia jimbo asilolijua. Hakuna aliyemchukua. Alilisema hilo haraka, akageukia dirishani.

Kabla ya Lansing simu yangu ikalia. “Baba watoto, leo watoto unawachukua wewe au mimi?” Nikamwambia niko njiani kwenda Detroit na mwanamichezo. Akacheka, hakuamini, akakata. Abiria wangu alishalala. Wao hulala mchana siku ya mechi, hata iweje.

Nilimshusha Little Caesars Arena, uwanja wa Red Wings, saa kumi kasoro, mzigo umekauka, gari linanuka. Mzee mmoja wa vifaa alikuwa anasubiri mlangoni na kigari cha kusukuma. Alichukua begi kabla ya kumsalimu mwenyewe. Nikapewa mkono na noti ya dola mia.

Mechi niliitazama kwenye simu, nimeegesha kituo cha mafuta. Aliingia mara chache, akambamiza mtu ukutani vizuri sana, hakufunga. Wiki haikuisha wakamrudisha.

Mwezi Machi bosi alinituma tena Detroit, safari hii kumleta mwingine, kijana mdogo zaidi. Huyu hakuanika kitu. Aliniuliza tu kama najua mahali pa kupanga kwa mwezi mmoja mmoja, bila mkataba wa mwaka. Nikampa namba ya jirani yangu.