Filbert: Kokwa Ndiyo Iliyopewa Jina la Mtu

Jioni moja hapa nyumbani Buruburu, kitinda mimba wangu, aliye Gredi ya 6, alikuwa akipekua kamusi ya Kiingereza alipokutana na jina langu likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo. "Baba," akauliza, "kwa nini Babu alikupa jina la njugu?" Ni kweli kwamba filbert ni kokwa ya jamii ya hazeli, ile ndogo yenye ganda la kahawia ambayo wengi wetu Nairobi tumeionja ndani ya chokoleti tu. Nilimweleza, hata hivyo, kwamba mambo yalikwenda kinyume: kokwa ndiyo iliyopewa jina la mtu, kama makadamia ya Murang'a na Embu ilivyopata jina lake kwa John Macadam.

Mtu mwenyewe ni Mtakatifu Philibert, abati wa karne ya 7 katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliyeanzisha monasteri ya Jumièges kando ya mto Seine mwaka 654. Sikukuu yake huangukia tarehe 20 Agosti, na kwa kuwa kokwa hizo huiva huko karibu na siku hiyo, watu wa Normandy wakazoea kuziita kokwa za Filbert, neno ambalo baadaye lilivuka bahari likaingia katika Kiingereza. Jina lenyewe ni la Kijerumani cha kale: filu ni wingi, na berht ni ung'avu, ule ule uliomo katika Robert, Albert na Gilbert. Kwa Kiswahili ningelifasiri kuwa "mng'avu mno", na hivyo nalihesabu kuwa ndugu wa Nuru na Munira.

Lakini baba yangu hakuwa na habari za abati wala kokwa. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku Ben Jipcho wetu akimaliza wa tatu. Baba alikuwa upande wa Jipcho kwa moyo wote. Hata hivyo, nilipozaliwa miezi michache baadaye, alinipa jina la yule Mtanzania, kwa kuwa, alivyoniambia mwenyewe, hajawahi kusikia mtu akikimbia bila woga namna ile. Naupenda uungwana huo wa baba kuliko maana yoyote iliyomo kamusini.

Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba jina liwe na somo mbinguni, na padre alipomthibitishia kwamba lipo, nikabatizwa. Hadi leo, kila tarehe 20 Agosti, hunipigia simu kutoka Wundanyi kunitakia heri ya sikukuu ya somo wangu.