Shangazi anatafuta pa kula Xi'an

Shangazi yangu hali mahali ambapo hajaona masufuria. Ni sheria yake tangu enzi za mgahawa wake pale Tanga, jirani na stendi, alikopika wali wa nazi na samaki wa kukaanga mpaka magoti yakakataa kusimama mbele ya moto. Akaacha jiko, akaingia biashara ya mapazia na mashuka, na mapazia ndiyo yaliyomfikisha Guangzhou, China. Mwaka 2017, alipomaliza kufungasha mzigo wake, alipanda treni ya mwendo kasi akaja kunitembelea Xi'an nilikokuwa nasoma.

"Guangzhou nimekula ugali," aliniambia tukiwa kwenye teksi, kwa sauti ya mtu anayefungua mashtaka. "Nimetoka Tanga, nimevuka bahari, nimekula ugali na mlenda."

Nilimwelewa. Mtaa wa Xiaobei una Waafrika wengi, na mfanyabiashara aliyechoka huenda kwenye chakula anachokijua. Lakini nilielewa pia kwamba kazi imeniangukia mimi.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa, tukaenda kwanza kuutazama Msikiti Mkuu, ndani ya uchochoro wa Huajue nyuma ya Mnara wa Ngoma. Shangazi alisimama uani akizungusha macho. Hakuna kuba. Mnara wenyewe ni banda la mbao lenye mapaa matatu yaliyopandana, ncha zake zimekunjwa juu, na majengo mengi yaliyopo ni ya enzi ya wafalme wa Ming, kuanzia mwaka 1392. Kiwanja chote kimelala kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa Makka iko upande huo. Hilo ndilo lililomshika kuliko mapaa. Maisha yake yote ameswali akielekea kaskazini.

"Basi huku jua linazama kibla," akasema, akatikisa kichwa, akauliza tutakula wapi.

Waislamu wa mtaa ule ni Wahui. Wanazungumza Kichina kama jirani zao, na wana historia ndefu inayofungamana na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiajemi waliofika huku enzi za wafalme wa Tang, kabla ya Ming, wakati mji ukiitwa Chang'an. Kwa msafiri Mwislamu, hapa kuna raha ambayo miji mingi ya China haina: huhitaji kusaka kibao cha qingzhen kinachoonyesha kwamba chakula ni halali. Mtaa mzima ni halali. Kinachobaki ni swali gumu zaidi, nani anajua kupika.

Nilimpitisha Beiyuanmen, barabara kuu ya watalii, kwa sababu kila mgeni hupitishwa huko. Vipaza sauti vinagombana, vijana wanaponda peremende za karanga kwa nyundo kubwa za mbao huku wakipiga kelele, ngisi wamechomekwa kwenye vijiti virefu, juisi ya komamanga imepangwa kwenye glasi. Harufu ya bizari nyembamba na mafuta ya kondoo imetanda kama moshi wa ubani. Mimi barabara ile naipenda, hasa usiku taa zikiwaka. Shangazi alitembea mpaka katikati, akasimama.

"Mbona wote wamesimama?"

"Nani, shangazi?"

"Hawa wanaokula. Mtu anayekula chakula chake huketi. Hawa wanaonja. Na wenye mtaa wako wapi?"

Nikatoa simu. Wachina wana programu iitwayo Dianping, ina nyota na picha za kila mgahawa, na kwa haki kabisa niseme imeniokoa mara nyingi katika miji nisiyoijua. Chengdu, kwa mfano, ilinipeleka kwenye migahawa midogo michafumichafu ambayo wenyeji wenyewe huiita migahawa ya nzi, na nikala vizuri kuliko kwenye hoteli yoyote. Nikaanza kumsomea shangazi: huu una nyota nne na nusu, huu watu elfu kadhaa wameusifu.

"Walikula lini?"

Sikuwa na jibu la haraka.

"Mwanangu, mpishi wa mwaka jana si mpishi wa leo. Weka simu. Wale wazee wanakwenda wapi?"

Swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha. Wanaume wenye kofia nyeupe walikuwa wakitawanyika kwenye vichochoro, mikono nyuma. Shangazi akachagua watatu waliokuwa wakizungumza kwa furaha, mmoja wao mnene, akaanza kuwafuata. Namna alivyomchagua yule mnene hakuificha. Tuliwaandama kuelekea magharibi, tukaacha kelele nyuma yetu, mpaka mtaa wa Sajinqiao. Pale hapakuwa na peremende wala ngisi. Nyama ya ng'ombe imetundikwa nje ya bucha, wanawake wenye hijabu wanapima tende na walnati, pikipiki za umeme zinapita bila mlio na kukukosa kidogo tu.

Wazee waliingia majumbani kwao. Shangazi hakujali, alikuwa ameshafika alikotaka. Akaanza ukaguzi. Hasomi Kichina hata herufi moja, wala hakunitaka nimsomee. Alikuwa anatazama meza zinazofutwa, mabakuli yanayorudi jikoni. Bakuli likirudi na mchuzi, anasema, mpishi ameshindwa hata kama mteja anatabasamu. Mgahawa wa kwanza ulirudisha mchuzi. Wa pili ulikuwa na orodha ya vyakula vingi yenye picha, akaupita bila kupunguza mwendo. Wa tatu ulikuwa chumba kimoja chenye meza za mbao, ukutani bei zimeandikwa kwa mistari michache tu, na mabakuli yaliyokuwa yamerundikwa kwenye beseni yalikuwa meupe ndani.

"Hapa."

Lakini mwenye mgahawa alikuwa anasugua sufuria. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Akatupungia mkono: supu imekwisha, njooni kesho asubuhi. Migahawa mingi ya aina hiyo huchemsha mifupa usiku kucha, huuza kuanzia asubuhi, na supu ikiisha wanafunga, hawaongezi maji. Nilimtafsiria nikitegemea atakasirika, maana tangu asubuhi tulikuwa na chai tu tumboni. Akafurahi kama aliyeambiwa mzigo wake umetoka bandarini.

"Umesikia? Hajaongeza maji."

Jioni tulikula jiamo, mkate uliopasuliwa na kujazwa nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukatwakatwa. Ilikuwa tamu. Shangazi alikula miwili na kukataa kuijadili, kwa sababu kwake ule ulikuwa mlo wa kungojea.

Asubuhi tulirudi kabla jua halijapanda. Sajinqiao ya saa hizo ni mji mwingine. Watu wamepanga foleni kwenye sufuria za hulatang, uji mzito wa pilipili manga wenye kabeji, viazi, karoti na vidonge vya nyama, wengi wakiunywa haraka kabla ya kazi. Shangazi aliunusa, akakubali kwa kichwa, akapita. Kule kwenye chumba chetu meza zilikuwa zimejaa wazee, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na bakuli kubwa na mikate miwili ya duara, migumu. Hakuna aliyekuwa anakula. Wote walikuwa wanamega.

Hiyo ndiyo yangrou paomo, chakula cha Xi'an hasa. Unapewa mkate mkavu na bakuli tupu, unaumega mwenyewe kwa vidole vipande vidogo vidogo. Wenyeji husema ukubwa wa kichwa cha nyuki. Mkate wenyewe umechachuliwa kidogo tu, ndiyo maana haulainiki ukawa uji ukichemshwa. Kumega huchukua nusu saa ukifanya kwa heshima, na ndiyo saa ya mazungumzo. Siku hizi mikahawa mingi ina mashine ya kukatia mkate kwa wenye haraka. Sioni maana yake: mkate wa mashine una kingo zilizonyooka na supu haiingii vizuri.

Shangazi aliketi, akatoa salamu kwa sauti: "Asalamu alaykum." Chumba kizima kikageuka, kikaitika. Mzee wa meza ya jirani alichungulia bakuli langu, akacheka, akachukua kipande changu kimoja akakigawa mara nne. La shangazi alilitazama, hakugusa kitu. Vidole vilivyochambua mchele miaka ishirini havihitaji mwalimu.

Bakuli likijaa, unalipeleka jikoni pamoja na kibao chenye namba ili lisipotee. Mpishi hupika la kila mtu peke yake, bakuli moja moja kwenye wok, karai la Kichina: anamwaga mkate wako, supu ya kondoo, tambi nyembamba, uyoga mweusi, vipande vya nyama, moto mkali. Ukubwa wa vipande humwambia atie supu kiasi gani na auache motoni muda gani. Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko muda wote huo, na hakuna aliyemfukuza. Alikuwa ameona masufuria.

Lilipofika mezani lilikuja na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari, pilipili iliyosagwa, na kotimiri. Mzee wa jirani akatuonyesha kwa kijiti: msikoroge, kuleni kutoka pembeni mkiingia ndani, pilipili kidogo kidogo. Shangazi alionja, akanyamaza. Akaonja tena.

"Hii si tharidi hii?"

Nikamtafsiria mzee kwamba Mtume alipenda chakula cha mkate uliomegewa ndani ya supu ya nyama. Mzee akasema anajua, akaendelea kula.

Bakuli la shangazi lilirudi jeupe. Kabla sijalipa, ilikuwa kama yuan thelathini kwa bakuli, alinivuta mpaka jikoni nimuulizie mpishi mifupa inachemka tangu saa ngapi. Tangu jana jioni. Viungo gani? Mpishi akataja bizari tamu, mdalasini, pilipili manga, kisha akatabasamu na kunyamaza. Shangazi akaniambia nimwulize tena. Nikauliza tena. Akatabasamu tena.

"Kuna iliki," shangazi akaniambia kwa Kiswahili, bila kumtoa macho mpishi. "Mwambie najua kuna iliki. Kubwa, nyeusi."

Nilipomwambia, mpishi alimtazama yule mama wa Tanga kwa muda, akaingia stoo akatoka na kiganja cha iliki nyeusi, akazifunga kwenye karatasi na kumpa. Hakutaka pesa.

Tulitoka pale saa mbili na nusu. Kufika kona ya mtaa, shangazi alisimama, akaangalia kushoto na kulia, akaniuliza mchana wazee hawa huwa wanakula wapi.