Nyungu ya Saba Saba

"Wifi, hiki ni cha kunywa au ni nyungu?"

Nimeisikia tena leo nikipiga deki, ile kauli ya wifi yangu siku ya Saba Saba. Ile "wifi" aliivuta, halafu "nyungu", ile dawa ya kujifukiza mvuke, akaitua taratibu, ili hata waliokuwa jikoni wasikie. Sebule nzima ikaangua kicheko. Baba Neema, mume wangu, ambaye mnamjua humu kwamba kucheka kwake ni kwa msimu, alicheka mpaka akapaliwa.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: shemeji kapeleka mahari Tukuyu, mimi kazini nimehamishwa idara. Ila kinachoninyima usingizi ni nyungu.

Jamani, nilikihangaikia kile kinywaji, juisi ya moto ya matufaha na viungo. Matufaha ya Makete, yale madogo yenye uchachu, niliyabeba kutoka Mwanjelwa. Nikasaga, nikachuja kwa kitambaa, nikainjika kwenye mkaa uliokwisha kupungua ukali. Mdalasini wa vijiti, tangawizi ya kupondwa, iliki kidogo. Karafuu nilizichomeka kwenye ganda la chungwa ili nizitoe zote kwa mkupuo mmoja, maana zikizidi ulimi unakufa ganzi. Kwa wenzetu Uingereza hiki ni cha Krismasi, na wengi huanza na tufaha lililokwisha kuwa pombe. Krismasi yetu ni ya mvua. Baridi ya Mbeya ni Juni na Julai. Na hiyo pombe, kwa mama mkwe mlokole, ningeanzia wapi?

Jibu limenijia usiku wa manane: "Nyungu hainywewi, wifi, na hicho ni kikombe chako cha pili." Tamu, eh? Wageni walikuwa wameshaondoka siku nyingi.

Sasa hivi ninavyoandika ndiyo nimemkumbuka baba mkwe. Wenzake wakicheka, yeye alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kajifunika shuka gubigubi, kikombe kiko ndani, mvuke unapenya juu kwenye upindo. Mama mkwe akamuuliza anafanya nini. Sauti ikatoka humo humo: "Si mmesema nyungu?"

Nimecheka peke yangu hadi Neema akaja kuchungulia.

Na huyo Neema, karudi likizo kutoka bweni na sweta lisilo lake. Kolani limeshonwa jina la mtoto mwingine. Namuuliza la kwake liko wapi, ananijibu, "Lipo." Lipo kwa nani?