Mianzi 8

"Wifi, huyu binti mjinga. Kampa mama mkwe ushindi wa bure." Wifi aliyasema hayo Jumamosi, tumemaliza kuangalia filamu ya Crazy Rich Asians, majina ya waigizaji bado yanapita kwenye kioo, akainuka kwenda kuepua maharage. Wiki imekwisha, Baraka kaanza chekechea, mwenye nyumba kapandisha kodi, na mimi bado nalijibu neno hilo moja.

Ushindi wa bure! Hebu turudi mezani.

Filamu hiyo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Jon M. Chu, watu wanaikumbuka kwa harusi na majumba ya Singapore. Mimi naipendea meza moja tu, ile Rachel anayokaa na Eleanor, mama wa mpenzi wake Nick, aliyekwisha kumwambia usoni kuwa hatatosha kamwe. Wanacheza mahjong, mchezo wa kete wa Kichina. Asiyeujua mchezo ataona wanawake wanagonganisha kete huku wakisemezana. Sivyo. Kila mchezaji ana kete 13. Zamu ikifika anaokota ya 14, kisha anatupa moja. Anayekamilisha mafungu manne ya kete tatu tatu na jozi moja juu yake, kashinda. Utamu uko kwenye kutupa: kete uliyoiachia wewe, kama mwenzako alikuwa anaisubiri, anaidaka na kutangaza ushindi palepale. Ndiyo maana mjuzi hatupi ovyo. Anasoma zilizolala mezani na kuhesabu, kwa sababu kila kete ya mianzi, yaani zile zenye mchoro wa mianzi na namba zake, zipo nne tu, mpaka ajue nani anawinda nini.

Rachel anaokota mianzi 8. Ndiyo aliyoihitaji amalize. Anaitupa.

Eleanor anaichukua, anafunua zake, kashinda. Na wakati huohuo Rachel kamwambia kwamba Nick alitaka kumuoa, hata kwa kuiacha familia, naye kakataa. Eleanor anamjibu kuwa ni mpumbavu tu anayetupa mkono wa ushindi. Wifi, hayo ni maneno yako yaleyale! Ila Rachel hajamaliza. Anasema yake yote, anataja umaskini wake na mama aliyemlea peke yake, na mwisho kabisa ndipo anapolaza kete zake wazi. Mpangilio huo ndio unaonitoa machozi. Angezifunua mapema, yangekuwa majivuno. Asingezifunua kabisa, Eleanor angeondoka akiamini kashinda kwa uwezo wake. Sasa anabaki amekaa mbele ya kete zinazomwambia kuwa amepewa. Na Rachel ni mhadhiri wa uchumi anayefundisha nadharia ya michezo, elimu ya kupanga hatua yako kwa kukisia ya mpinzani. Mwanzoni mwa filamu tunamwona akimshinda mtu kwenye karata mbele ya darasa zima. Hakutupa kwa kutojua.

Haya yote niliyapanga nimpelekee wifi. Jana usiku nikarudia kipande cha ndani ya ndege, Nick anapomposa Rachel tena kwa pete ya zumaridi ya mama yake. Ni ileile ambayo Eleanor, baada ya kukunja maandazi ya nyama, alisimulia kuwa ilitengenezwa kwa sababu mama mkwe wake hakutaka kumpa ya kwake. Kwa hiyo Eleanor naye alikuwa mkwe asiyetosha. Nilikuwa naliona hilo ni fundo zuri, lakini safari hii limenikaba. Rachel anatoa kila kitu, na dakika chache baadaye anarudishiwa. Pete imeridhia kabla Eleanor hajatamka lolote.

Wifi ameolewa kwetu mwaka wa tisa huu. Mama mkwe wake ni mama yangu. Ametupa kete ngapi mezani kwetu, na nani alimrudishia pete? Nilimbishia kwa sauti ya juu, na yeye akaenda kuepua maharage.

Sijampigia.

Moto wa gesi umegeuka njano tangu asubuhi, masufuria yanashika masizi, na leo ndiyo kwanza tarehe 19.