Nilivyowaondoa wanafunzi wangu kwenye kubahatisha idadi ya kromosomu

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu ngapi, yaani zile nyuzi za DNA zinazobeba urithi, atajibu 46 kabla hujamaliza swali. Muulize zipo ngapi ndani ya seli hiyohiyo wakati wa anafezi ya mitosisi, yaani hatua ya mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili ambapo zinavutwa kwenda ncha mbili, na darasa linagawanyika palepale. Wapo wanaong'ang'ania 46, wapo wa 23, na yule mmoja anayesema 92 anaisema kwa sauti ya chini, akikisia. Nafundisha baiolojia katika sekondari moja mkoani Kagera, na swali hili lilikuwa linanirudia kila mwaka.

Wanafunzi wanajua kuhesabu. Kinachowachanganya ni ule mchoro wa kromosomu wenye umbo la X: wahesabu X nzima, au vijiti vyake viwili? Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote. Kila kromosomu inakuwa na nakala mbili, yaani kromatidi, zilizoshikana penye sentromia. DNA imekuwa maradufu lakini kromosomu bado ni 46, ila sasa zina kromatidi 92. Anayehesabu sentromia hapotei. Hilo nilikuwa nalisema ubaoni miaka yote, wanaliandika, wanalisahau.

Safari hii nilinunua uzi wa kufumia mwekundu na wa bluu, shanga, na rababendi. Seli yetu ya mfano ilikuwa na kromosomu nne tu: ndefu mbili na fupi mbili, nyekundu za baba, bluu za mama. Kila uzi una ushanga wake, nao ndio sentromia. Nakala ikishatengenezwa, nyuzi mbili zinafungwa kwa rababendi penye shanga. Sheria ilikuwa moja: vilivyofungwa pamoja vinahesabiwa kimoja, na ukifungua rababendi kila uzi unajitegemea.

Tulichora duara kubwa kwa chaki sakafuni, tukaanza na mitosisi. Nyuzi nane, vifungo vinne, kwa hiyo kromosomu nne. Zikapangwa katikati, rababendi zikafunguliwa, na wavutaji wakasimama katikati ya safari. "Hesabuni zote zilizomo ndani ya duara." Nane! Seli ilikuwa haijakatika, na kwa muda huo mfupi ina idadi maradufu. Kwa binadamu ndiyo ile 92. Chaki ikapita katikati, zikabaki nne kila upande.

Meiosisi, mgawanyiko unaotengeneza gamete (mbegu za kiume na mayai), ndiyo iliyokula muda, na sijutii. Nyuzi zilezile nane, lakini sasa kromosomu za jozi moja zinasogeleana, nyekundu ndefu kando ya bluu ndefu, kisha jozi inaachana bila rababendi kufunguliwa. Hapa niliwasimamisha tena. Ndani ya duara mna ngapi? Nne, hazijaongezeka, maana hakuna sentromia iliyoachana. Duara likikatwa kila seli inapata mbili, na kila moja bado imebeba nakala zake mbili. Kwa binadamu ni 46 kwenda 23, na kupungua kumekwisha hapo, katika mgawanyiko wa kwanza. Wengi huamini nusu inapatikana mwishoni, kwa sababu mwishoni ndipo wanapoziona seli nne. Mgawanyiko wa pili unafungua rababendi tu: mbili zinakuwa nne kwa muda, kisha mbili na mbili.

Halafu nikaliagiza kundi moja livute jozi ndefu nzima upande mmoja. Seli moja ikapata tatu, nyingine moja. Gamete itokayo kwenye ile yenye tatu ikikutana na gamete ya kawaida yenye mbili, jumla tano. Kwa binadamu ni 24 na 23, yaani 47; mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watu wenye hali ya Down wana kromosomu ya 21 iliyozidi. Niliyasema haya kwa uangalifu, kwa kuwa darasani huwezi kujua nani ana ndugu mwenye hali hiyo nyumbani.

Kitunguu kilifuata, ili waone kwamba nyuzi hazikuwa mchezo. Kitunguu juu ya glasi, kitako kikigusa maji, hadi mizizi michanga itoke. Ncha zake zilikaa kama dakika tano kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, ndani ya maji ya nyuzijoto 60 hivi. Asidi niliishika mwenyewe. Rangi ilikuwa jivii, ile dawa ya zambarau ya duka la dawa. Isiachwe ikolee, la sivyo kila kitu kinakuwa zambarau. Suuza, weka kifuniko cha kioo, kandamiza kwa kidole gumba bila kuteleza. Milimita mbili za mwisho za mzizi ndizo zenye seli zinazogawanyika. Ukikata juu zaidi utatazama kuta za seli mpaka kengele ilie.

Sikuwadai wazihesabu zile 16 za kitunguu. Bila dawa ya kuzitawanya zinalaliana, na anayeandika 16 amezitoa kitabuni. Hata wataalamu waliamini binadamu ana 48 tangu miaka ya 1920, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipochapisha 46 mwaka 1956, wakifanya kazi Lund, Sweden. Nilichotaka waone ni mafungu mawili yakiachana, na yalionekana.

Swali lililonifurahisha lilitoka kwa binti wa nyuma kabisa. "Mwalimu, na migomba ya kibanjani kwetu, mbona ndizi hazina mbegu?" Ndizi zetu za kupika zina kromosomu 33, seti tatu za 11. Tukaongeza uzi wa rangi ya tatu, nikawaambia wafanye meiosisi. Ile ya tatu kila mara ikakosa mwenza, ikavutwa ovyo, na hakuna kundi lililopata gamete zinazolingana. Ndiyo maana mgomba tunaupanda kwa machipukizi. Ila niliwatahadharisha wasiishie hapo: mchare wa Kilimanjaro una 22, seti mbili kamili, na bado ukiumenya hukuti mbegu, kwa sababu migomba ya namna hii hujaza tunda bila hata kuchavushwa.