Baraka mia kwa siku, mezani na kwenye radi ya ziwani

Kitabu cha Esta kwa Kiebrania hakina Jina la Mungu hata mara moja. Kuna mfalme aliyekosa usingizi usiku mmoja (Esta 6:1), akaagiza asomewe kumbukumbu za ufalme wake, na kuanzia hapo mambo yote yakageuka. Nani alimnyima usingizi? Kitabu hakisemi. Kwa Wayahudi hiyo ndiyo hali ya kawaida ya maisha: Mungu yupo, ila hajitangazi. Wahenga wa Talmud, mkusanyiko mkuu wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, hawakuwaambia watu wakae wakisubiri kuguswa moyo. Waliwapa kazi ya kufanya: sentensi fupi ya baraka kabla ya kula, ukitoka chooni, radi ikimulika. Rabi Meir aliweka kiwango cha baraka 100 kila siku (Talmud, Menahot 43b).

Mia inatisha mpaka uanze kuhesabu. Sala ya Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, siku za kazi ina baraka 19 na husaliwa mara 3, tayari 57. Nyingine hutoka kwenye sala za asubuhi na mezani. Ugumu huwa Sabato, maana Amida yake ina baraka 7 tu. Hata ikisaliwa mara 4 ni 28, ndiyo maana siku hiyo matunda na vitafunwa havikauki mezani.

Baraka za chakula huanza sawa: “Baruch ata Adonai, Eloheinu melech ha-olam”, Umehimidiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu. Kinachobadilika ni mwisho wake. Embe ni ha-etz, tunda la mti. Ndizi ni ha-adama, tunda la ardhi, kwa sababu mgomba ukishazaa shina lile halizai tena, linaendelea chipukizi. Watu wa Bukoba hawahitaji kuelezwa hilo. Nanasi nalo ni ha-adama. Mandazi na wali ni mezonot, baraka ya vyakula vya nafaka visivyo mkate. Ugali wa mahindi, samaki, maji na chai ni shehakol, “ambaye vyote vimekuwa kwa neno lake”, kwa hiyo ukila ugali kwa sato, shehakol moja yatosha. Mkate wa ngano una baraka yake, ha-motzi, na kabla yake unanawa mikono kwa kumiminia maji kutoka chomboni.

Makosa mengi hutokea hapa. Ukisema ha-adama kwenye embe, imepita, yaani baraka imekubalika, kwa kuwa mti nao umeota ardhini. Ukisema ha-etz kwenye ndizi, haikupita. Ukisema shehakol kwenye chochote, hata mkate, imepita, ila usiifanye kichaka cha kujifichia uvivu wa kujifunza. Na ukiwa na shaka kama umeshabariki, usirudie: kulitaja Jina bure ni kosa kubwa kuliko kuikosa baraka hiyo.

Baraka ya baada ya kunywa ina kipimo: takriban mililita 86 kwa hesabu ya Rabi Avraham Chaim Naeh, takriban 150 kwa hesabu ya rabi mwingine, Chazon Ish. Funda moja la chai halifiki.

Kabla ya baraka, samaki mwenyewe awe halali kwa sheria ya Kiyahudi: awe na mapezi na magamba. Sato na sangara wanafaa, kambare hafai kwa kukosa magamba. Ukinunua minofu pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, omba iachwe na kipande cha ngozi chenye magamba. Mnofu uliochunwa wote hautambuliki, na neno la muuzaji peke yake halitoshi.

Baraka ya kutoka chooni, asher yatzar, naiona nzito kuliko zote. Unatoka, unanawa, unasimama nje ya mlango, unasema kwamba Mungu ameumba mwanadamu kwa hekima, akamwekea matundu na mirija, na kwamba mmoja ukipasuka au mmoja ukiziba, mtu hawezi kusimama mbele zake. Yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo anajua haya si maneno ya kupamba. Huwa inasemwa haraka haraka mtu akifunga mkanda, na hapo ndipo inapoharibika.

Radi haina subira. Mvua za ziwani hupenda kushuka usiku, na baraka ya radi, oseh maaseh bereshit, “afanyaye kazi ya uumbaji”, isemwe ndani ya sekunde 2 au 3 baada ya mmweko. Ukichelewa, subiri mwingine. Mikono iwe safi kabla ya kubariki, ila kama uko kitandani na huna maji karibu, fikicha viganja kwenye shuka, inatosha. Ngurumo ina yake, “ambaye nguvu zake na uweza wake vimeujaza ulimwengu”. Zikija pamoja, ile ya radi inatosha kwa zote mbili. Ni mara moja tu kwa kila moja, hata radi ipige mpaka alfajiri, isipokuwa mawingu yamefunguka, anga ikatakata, kisha yakajikusanya upya.